Kufuli la Sauti

Mwalimu Ambakisye Mwakalinga aliinama, akasogeza midomo kwenye tundu la kufuli, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuangusha ukuta, kisha akayatamka maneno yake yote. Hakikusikika kitu. Taa ndogo juu ya tundu ilibaki nyekundu.

"Jaribu tena, Mwalimu," alisema Atupele kutoka upande wa ndani wa dirisha, ingawa alijua ni kazi bure.

Mwalimu alijaribu tena. Foleni nyuma yake, iliyojipinda hadi mlangoni pa duka la mbolea, ilinyamaza kwa heshima. Wengi walikuwa na miavuli, maana hata mwaka ule wa 2047 Tukuyu ilikuwa Tukuyu, na mvua ilikuja bila kubisha hodi. Hakuna mtu kwenye foleni ile ambaye hakuwahi kuisikia besi ya Mwalimu Ambakisye. Kwa miaka ishirini na sita ilikuwa ikitikisa vioo vya kanisa, na watu wa Kiwira walitania kwamba akikohoa asubuhi ng'ombe wao huacha kula. Lakini wiki saba zilizopita madaktari wa Mbeya walimtoa uvimbe kooni, na uvimbe ukaondoka na koromeo. Alibaki na uhai wake, macho yake makali, na mikono yake ya kuongozea kwaya.

Mikono hiyo sasa iliandika kwenye simu, ikaigeuza ili Atupele asome: NIFUNGULIE WEWE.

"Siwezi, Mwalimu. Ndivyo nilivyolitengeneza kufuli. Hata mimi siwezi."

Mwalimu aliandika tena: BASI UMELITENGENEZA VIZURI. Akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Atupele kuliko matusi.

Pembeni yake alisimama Mama Gwantwa, katibu wa kwaya na mchuuzi wa parachichi, mwanamke aliyeweza kusema kwa niaba ya watu wawili bila kuchoka. "Mwanangu," alisema, "zimo chembe elfu nne na mia moja humo. Miaka mitatu tumeimba harusi kwa harusi tukilipwa vitu ambavyo watu walituambia ni hewa. Jumapili kwaya nzima imenyoosha mikono: zikanunue koo la mashine. Fundi wa makoo yuko Mbeya mpaka Ijumaa, akiondoka harudi hadi mwakani. Na leo ni Jumatatu. Sasa tunaambiwa koo la kununulia koo ndilo lililotolewa?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, akajikohoza kuficha kicheko. Mwalimu mwenyewe mabega yalimtikisika.

"Nipeni mpaka Jumatano," alisema Atupele. Hakujua atafanya nini Jumatano.

*

Chembe ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Walioianzisha walikuwa wahandisi vijana wa Mbeya, nao hawakujenga benki wala ofisi. Waligawa vinu. Kinu kilikuwa kijisanduku cha ukubwa wa tofali, kinachofungwa kwenye mtambo mdogo wa umeme wa maporomoko, na kazi yake ilikuwa kutwanga hesabu ngumu kutwa kucha. Aliyekuwa na kinu alipata chembe chache kama ujira wake. Kila kinu kilibeba nakala ya kumbukumbu ileile ya nani kampa nani nini, kwa hiyo aliyetaka kudanganya ilibidi adanganye vinu vyote kwa pamoja, kuanzia Kyela hadi Uyole.

Mwanzoni hakuna aliyejua chembe ni za kufanyia nini. Atupele, aliyekuwa fundi simu, alinunua mkungu mmoja wa ndizi kwa chembe mia nne, na muuzaji alikubali kwa sababu alimwonea huruma. Siku hizi chembe mia nne zilinunua mtamba wa maziwa. Muuzaji yule bado alikuwa nazo, na kila akipita dirishani alimpungia Atupele mkono kama shemeji.

Tatizo lilikuwa kufungua pochi. Kila pochi ya chembe ilifunguliwa kwa maneno kumi na mawili yaliyopangwa bila maana, na watu si vinu. Mzee mmoja wa Masoko aliyaandika ukutani, mkewe akapiga chokaa kwa ajili ya Pasaka. Kijana mwingine aliyachora kwenye mkono kwa wino na kuoga. Hapo ndipo Atupele alipopata wazo lake. Alikodi chumba kando ya soko, akakata tundu ukutani, akaandika juu yake DIRISHA LA CHEMBE, akatengeneza kufuli la sauti. Mteja alichagua maneno yake, kisha kufuli likajifunza namna koo lake linavyotetema, namna pumzi yake inavyopanda, namna ulimi wake unavyogonga meno. Ili mtu asije na rekodi, kila mara kufuli lilimtaka mteja aongeze neno jipya la papo hapo, leo "kijiko", kesho "mbuzi". Sasa lilikuwa na wateja elfu mbili mia moja arobaini, waliofungulia pochi dirishani au kwa simu zao, na Jumamosi ile ushirika wa wakulima wa parachichi ulitarajiwa kusaini mkataba wa kuwaingiza wanachama wake elfu tatu.

"Mwalimu ana rekodi ngapi?" aliuliza Lusekelo Jumanne asubuhi.

Lusekelo alikuwa mshirika wake, mtu wa maneno matamu na viatu safi, ambaye ndiye aliyewashawishi watu wa parachichi. Atupele alishika upande wa mashine, yeye akashika upande wa watu.

"Rekodi hazisaidii. Neno jipya linazizuia."

"Sisemi uchezeshe rekodi. Nasema mtambo wa kuiga sauti ujifunze. Kwaya ina mazoezi ya miaka tisa yaliyorekodiwa. Kama mtambo unaweza kujifunza kuzungumza kama mtangazaji wa mpira, kwa nini usijifunze kuzungumza kama Mwalimu?"

Atupele alifungua mdomo kumweleza kwa nini haiwezekani. Akaufunga. Aligeukia meza yake.

Hakuanza na sauti ya Mwalimu. Alianza na yake. Aliulisha mtambo dakika sita za sauti yake mwenyewe, alizokuwa amezirekodi kwa ajili ya matangazo ya redio. Aliweka spika ndogo mbele ya kufuli na kuliomba lifungue pochi yake. Kufuli likadai neno jipya: "sufuria".

Spika ikasema kwa sauti ya Atupele, bila kusitasita, maneno yake ya siri na sufuria juu yake. Taa ikawa kijani.

Lusekelo alipiga makofi. "Si nilikwambia! Mwalimu kapona!"

Atupele alikuwa ameketi chini.

"Luse," alisema, "dakika sita. Kila mtu mjini hapa ana dakika sita za sauti yake mahali fulani. Mchungaji ana mahubiri. Mama Gwantwa ana ujumbe wa sauti wa dakika kumi kumi kwenye kila simu ya Tukuyu. Hili si kufuli. Ni pazia."

Lusekelo aliacha kupiga makofi. Alikwenda kufunga mlango, akarudi, akavuta kiti.

"Sikiliza," alisema polepole. "Ni nani anayejua? Mimi na wewe. Tumfungulie Mwalimu kimyakimya, apate koo lake. Jumamosi tusaini na ushirika. Kwa fedha ya ushirika ununue muda, utengeneze kufuli jipya, tulibadilishe bila kelele. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeogopa."

"Na akitokea mwizi kabla hatujabadilisha?"

"Na ukitangaza leo? Si utakuwa umemfundisha mwizi ambaye hakuwa hata na wazo? Atu, usiponyamaza unawapigia filimbi. Watatoa chembe zao, watakimbia, na si kwetu tu. Watasema chembe yenyewe ni utapeli. Vijana wa vinu watarudi kuuza vocha. Hiki kitu bado kitoto, ukikiangusha hakitainuka."

Kilichomsumbua Atupele ni kwamba hakukuwa na uongo katika maneno yale. Akisema, anawaelekeza wezi mlango. Akinyamaza, watu elfu mbili wanaendelea kulala nyuma ya mlango ambao yeye peke yake anajua haufungi. Alijaribu kujiuliza angemshauri nini mtu mwingine, akagundua kwamba angemshauri mtu mwingine haraka sana.

*

Jumatano alasiri alipanda kwa Mwalimu, nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba. Alikuta Mama Gwantwa yuko jikoni kama mwenyeji, sufuria ya mbalaga imeshaiva, harufu ya ndizi na nyama imejaa ukumbini.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu aliinua kiganja na kukishusha taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake siku hizi, na kila aliyeiona alijikuta amenyooka mgongo kama anayesubiri kuanza kuimba.

Atupele alieleza. Alisema kwamba ameweza kuitengeneza sauti yake upya kutoka kwenye mazoezi ya kwaya, kwamba bado hajaitumia, na kwamba amekuja kuomba ruhusa kwanza, kwa kuwa sauti ni ya Mwalimu mwenyewe. "Nikikuchezeshea, ukaona hupendi, naifuta hapa hapa mbele yako."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Atupele akabonyeza.

"Besi, simameni wima," ilisema spika.

Mama Gwantwa alidondosha mwiko. Besi ilijaza chumba, nzito, yenye mikwaruzo midogo mwishoni, na hata kile kikohozi cha dharau ambacho Mwalimu alikitoa pale waimbaji walipochelewa. Mtambo ulikuwa umejifunza na kikohozi.

Mwalimu Ambakisye hakulia. Aliketi ameinamisha sikio upande mmoja, kama anavyomsikiliza mwimbaji mgeni. Kisha akaonyesha kidole: tena. Atupele akarudia. Tena. Mara ya nne mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kupiga mapigo hewani. Halafu akachukua simu, akaandika kwa muda, akampa.

NILIDHANI SAUTI YANGU ILIKUWA NZURI ZAIDI. TUMIA TU, MANENO YA KUFULI NI HAYO HAYO.

Mama Gwantwa alicheka huku akifuta macho kwa upindo wa khanga. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu! Ndaga! Kesho asubuhi na mapema tunakuja, tunachukua, tunakwenda Mbeya, Ijumaa anawekewa. Na wewe huondoki bila kula." Akapakua sahani iliyowatosha watu watatu. "Unajua nilikuwa naogopa nini? Nilikuwa nawaambia wanakwaya, jamani, mimi nimeweka humo hata za kumsomeshea Gwantwa, maana kufuli la Atupele halifunguki hata kwa mwenyewe aliyelitengeneza. Nikasema nimejitakia. Kumbe una njia!"

Alisema vile kwa furaha tupu. Hakuwa na habari kwamba ndiyo kwanza ametamka kinachomtafuna mgeni wake tangu jana. Atupele alishika tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Mama Gwantwa," alisema, "njia hiyo hata mtu mwingine anaweza kuwa nayo."

"Mtu gani?"

"Yeyote mwenye ujumbe wako wa sauti na mtambo mzuri."

Mama Gwantwa alimtazama, akamtazama Mwalimu, akamtazama tena. Yeye, aliyesema kwa niaba ya watu wawili, alikosa hata neno la mmoja. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo, "Wengine umewaambia?"

"Wewe na Mwalimu ndio wa kwanza."

Mara baada ya kusema hivyo alijua kwamba jambo limekwisha. Angeweza kumficha mteja namba mia saba na kumi na nne. Huyu aliyekuwa akimwongezea mchuzi, hapana.

*

Usiku huo hakulala, lakini hakukuwa na la kusikitisha katika kukesha kwake. Alikuwa na kazi. Kulifungua kufuli hakuweza bila sauti, lakini kulipunguza mwendo aliweza: hadi saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameweka amri kwamba hakuna pochi itakayotoa zaidi ya chembe kumi kwa njia ya simu, na anayetaka zaidi aje mwenyewe, kwa miguu yake, asimame dirishani aonekane. Mwizi mwenye spika asiye na sura ya mwenye pochi angekwama hapo. Halafu akampigia Lusekelo.

"Nitasema leo," alimwambia. "Nimekupigia usije ukasikia sokoni."

"Ushirika watajitoa."

"Najua."

"Miezi minane nimekunywa chai na wale wazee, Atu. Miezi minane! Nimejifunza magonjwa yote ya parachichi."

"Najua, Luse. Samahani."

Lusekelo akakata simu bila kuaga.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko kubwa. Droni za mizigo zilikuwa zikipanda na kushuka na makreti ya parachichi, wanawake wa Kyela wamepanga mchele, na mbele ya Dirisha la Chembe foleni ilikuwa imeanza mapema, maana habari za Mwalimu zilikuwa zimeenea. Kwaya nzima ilikuja, na sare zake. Atupele alitoka nje badala ya kukaa ndani, akapanda juu ya kreti tupu. Hakuwa mtu wa kuhutubia.

"Jamani," alianza, "nataka mwone jambo."

Alimwita Mwalimu asimame kwenye tundu, akaweka spika begani mwake. Kufuli likadai neno lake jipya, na siku hiyo, kama kwa makusudi, neno lilikuwa "kitumbua".

"Besi, simameni wima. Kitumbua," ilinguruma sauti ya Mwalimu Ambakisye kutoka begani mwa Mwalimu Ambakisye, naye amefumba mdomo.

Taa ikawa kijani. Soko lilipiga yowe. Waimbaji wa besi, watu wazima wenye wajukuu, walisimama wima pale pale bila kujijua, na vicheko vikazidi hadi muuza mchele mmoja akakalia gunia lake. Mama Gwantwa alihamisha chembe elfu tatu mia tano na hamsini kwenda kwa fundi wa makoo na kuinua simu juu kama kombe.

Atupele alingoja wanyamaze. Alitamani wasinyamaze.

"Mmefurahi, na mimi nimefurahi," alisema. "Sasa fikirini. Mwalimu hakusema kitu. Mashine ndiyo iliyosema. Kama mimi nimeweza kwa ajili yake, mwingine ataweza dhidi yako. Kufuli nililowauzia nilidhani ni imara. Nilikosea. Kuanzia alfajiri nimelipunguza mwendo, hakuna aliyeibiwa mpaka sasa. Lakini siwezi kuwaambia kwamba ni salama. Njooni mmoja mmoja, chukueni chembe zenu, mziweke mnapoona panafaa. Ada zote za mwaka huu nitawarudishia."

Kwa muda ikawa kama hawajamwelewa. Halafu wakaelewa wote kwa mpigo.

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Mtu mmoja alimwita tapeli, mwingine akamjibu kwamba tapeli hajitangazi, wakaanza kusukumana. Mwenyekiti wa ushirika wa parachichi, aliyekuwa amekuja kutazama, alikunja mwavuli wake mvua ikinyesha na kuondoka bila kumtazama mtu. Watu walisogea dirishani kwa pamoja kama maji kwenye shimo. Atupele alikimbilia ndani, akakuta kiti cha mhudumu kimeshakaliwa.

Lusekelo alikuwa amevaa gumbuti. Hakumtazama. "Wewe shika mashine," alisema, "mimi nitashika watu." Kisha akatoa kichwa nje ya dirisha. "Haya, wazee wangu, mama zangu! Chembe zenu zipo zote, hazijaenda sokoni. Wenye watoto mgongoni mbele! Wewe wa kofia nyekundu, nimekuona, rudi nyuma!"

Walitukanwa tangu asubuhi hadi jua linazama. Lusekelo aliyapokea matusi kwa "ndiyo, mzee" na "una haki, mama", na kwa kila aliyetoa chembe zake aliandika jina na kumshukuru kwa kuwa mteja. Walipofunga walikuwa wamepoteza wateja mia nane na kumi na mmoja. Lusekelo hakuwa na sauti iliyobaki. Aliitafuta kidogo, akakata tamaa, akaaga kwa kiganja, kama Mwalimu.

*

Kufuli jipya lilizaliwa katika ugomvi, Jumapili ya wiki iliyofuata.

Kwaya ilikuwa imebakiwa na chembe mia tano na kitu, na ilibidi waamue watazifungaje. Walikutana dirishani, wakashindana. Zifungwe kwa kidole cha Mama Gwantwa? Na akisafiri? Kwa jicho la mchungaji? Na akihamishwa? Kwa maneno kumi na mawili, yashikwe na Mwalimu? Mwalimu mwenyewe alikataa kwa mikono yote miwili. Koo lake jipya lilikuwa limewekwa lakini bado lilikuwa likipona, na daktari alikuwa amemkataza kulitumia.

"Kila tukimtaja mtu mmoja kuna kasoro," alilalamika Mama Gwantwa. "Mtu mmoja anaugua, mtu mmoja anasahau, mtu mmoja anapata shetani. Chungu hakikai kwenye figa moja, jamani."

Atupele alikuwa akisikiliza huku akisafisha spika. Aliiweka chini.

"Rudia ulivyosema."

"Nimesema mtu mmoja anapata shetani."

"Hilo la mwisho."

Ilimchukua siku kumi na moja. Hakuhitaji kubuni kitu kikubwa. Vinu vilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa amefikiria kuutumia. Ufunguo wa pochi ulisagwa vipande vitano, kila kipande kikawekwa kwenye kidude kidogo cha kubeba mfukoni walichokiita punje. Punje moja haikufungua kitu, wala mbili. Zikikutana tatu, zozote tatu kati ya tano, pochi ilifunguka. Akifa mmoja, akisahau mmoja, bado wapo watatu. Aliyetaka kuiba ilibidi awaharibu watu watatu wanaofahamiana, na watu watatu wanaofahamiana Tukuyu hawawezi kutunza siri hata ya siku ya kuzaliwa. Dirisha lenyewe halikubaki na punje hata moja. Waliiita pochi ya mafiga.

Shida haikuwa ya mashine tena. Shida ilikuwa kuchagua watu. Mbele ya dirisha palikuwa na vituko kila siku. Mume aliandika ndugu zake watano, mkewe akaichukua karatasi akaipasua. Mabibi wawili waliokuwa hawasalimiani tangu mgogoro wa mpaka wa shamba walionekana wakipatana kando ya duka la mbolea, kwa sababu kila mmoja, akihesabu watu waaminifu anaowajua, alilazimika kufika kwa mwenzake. Mama Gwantwa alipewa punje na watu ishirini na sita, akalazimika kushona mkoba maalumu. Wateja waliotoka walianza kurudi. Si wote. Ushirika wa parachichi haukurudi, ulikwenda kwa kampuni moja ya mjini, na Lusekelo bado alipofushwa na hasira kila alipoona guacamole, parachichi la kupondwa, kwenye tangazo.

Jumanne moja, mvua ikiwa imewafukuza watu, Atupele alivuta karatasi ya mafiga akaanza kujaza ya kwake. Aliona aibu kidogo. Alikuwa wa mwisho. Mama yake, aliyekuwa Kyela. Dada yake. Mama Gwantwa, hii ikiwa punje yake ya ishirini na saba. Mwalimu Ambakisye, ambaye koo lake la mashine lilizungumza kama nyuki ndani ya debe na tayari limeshaanza kuwagombeza sauti ya tatu.

Mstari wa tano ulibaki mtupu. Kalamu ilikaa juu yake.

Meza ya pili Lusekelo alikuwa akipanga punje mpya kwenye kisanduku, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuonekana anatazama. Alipanga punje sita. Akazitoa, akazipanga tena.

Atupele akaandika, akamsukumia karatasi. "Weka sahihi hapo, chini."

Lusekelo alisoma. Alisoma tena, kana kwamba mwandiko ulikuwa mbaya.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye niliyetaka tufiche, Atu."

"Ulitaka. Ukaniambia usoni kwamba unataka, na sababu zako. Halafu asubuhi ukaja na gumbuti."

"Nilikuja kwa hasira."

"Lakini ulikuja."

Lusekelo aliweka sahihi, herufi kubwa kuliko kawaida yake. Akapokea punje yake, akaigeuza mkononi, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Baada ya muda akafungua kifungo, akachungulia, akafunga tena.

Nje mtu aligonga kioo kwa ncha ya mwavuli. Lusekelo akasimama, akanyoosha shati lake pale penye mfuko, akalifungua dirisha wazi.

"Karibu, mama," alisema. "Umeshawapata watano wako?"